Mashine ya pedi za umeme kwa kiuno cha mama: ibandikwe wapi, iwekwe kiwango gani, na lini isiguswe kabisa

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Niko Mtwara Mjini, Chikongola. Mama yangu ana miaka 59, ni mbanguaji wa korosho na ana shamba Nanyamba. Kiuno kinamsumbua mwaka wa pili sasa, hasa akikaa sana kwenye kigoda au akiinua gunia. Tulimpeleka kwenye kituo cha kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono au vifaa. Wakampitishia kifaa mgongoni, kompyuta ikachora mistari ya kijani, njano na nyekundu, wakasema pingili tatu zimehama. Wakamgonga kwa kifaa kama bastola ndogo, kisha wakambandika pedi za umeme nusu saa. Siku ile alipata nafuu, kesho yake maumivu yakarudi. Sasa wanataka arudi mara 24 na malipo yatangulie. Mtandaoni nimeona mashine za pedi zinauzwa. Nimnunulie? Inatumikaje? Na zile rangi zina maana gani? Mama ana kisukari, anatumia vidonge."

Marahaba. Unaweza kumnunulia, kwa masharti mawili. La kwanza, apimwe ganzi kabla pedi haijamgusa, kwa sababu ya kisukari. La pili, wewe na mama mjue kwamba mashine hiyo inatuliza maumivu wakati inafanya kazi na kwa muda mfupi baada ya hapo, basi. Hairudishi pingili mahali pake wala haitibu kilichosababisha maumivu. Nafuu ya siku moja aliyoipata mama ndivyo mashine hizi zinavyofanya kazi. Si dalili kwamba tiba ilianza kushika ikakatizwa.

Nianze na rangi, maana ndizo zilizowatia hofu. Kifaa kinachopitishwa kando ya uti wa mgongo huwa kinasoma moja kati ya mambo mawili, na vingine vinasoma yote. Kuna kinachopima joto la ngozi kushoto na kulia kisha kulinganisha. Wazo hilo ni la zamani: D. D. Palmer alianzisha kairopraktiki mwaka 1895 kule Davenport, Iowa, Marekani, na mwanawe B. J. Palmer akaleta kipima joto cha uti wa mgongo mwaka 1924. Kingine kinapima umeme mdogo sana ambao misuli hutoa inapojikaza, unaohesabiwa kwa mikrovolti. Kompyuta inachukua namba hizo na kuzipaka rangi.

Vifaa hivyo vinapima kitu cha kweli. Taabu iko kwenye tafsiri. Tofauti ya joto inayosakwa ni sehemu tu ya nyuzi moja, na joto la ngozi hubadilika kwa feni inayopuliza upande mmoja, kwa jasho, kwa jua la bajaji upande wa kulia, hata kwa kamba ya sidiria iliyobana. Mtu aliyetoka stendi kwa miguu kwenye joto la Mtwara anapaswa kukaa mgongo wazi kwenye chumba kisicho na upepo angalau robo saa kabla ya kupimwa. Je, mama alisubirishwa? Kipimo cha umeme wa misuli nacho kinayumba kwa mafuta kwenye ngozi, kwa kitambi, kwa namna mtu alivyosimama, na kwa pedi kusogea nusu inchi. Zaidi ya hayo, hakuna kati ya vifaa hivyo kinachoona mfupa. Rangi nyekundu inaweza kumaanisha msuli umejikaza au ngozi ina joto, lakini haiwezi kusema pingili ya nne imehama. Ukitaka kujiridhisha, omba wapime mara mbili kwa kuachana dakika kumi, mtu mwingine akishika kifaa, nawe usimame pale. Mistari ikibadilika sana, msilipie mara 24 kwa ajili ya mistari hiyo.

Maumivu mengi ya kiuno ya muda mrefu hayana mfupa mmoja wala diski moja ya kulaumiwa. Hata picha ya eksirei ya mtu wa miaka 59 itaonyesha pingili zilizochakaa, na ya jirani yake asiyeumwa chochote itaonyesha vilevile.

Kile kinachofanana na bastola ni nyundo ndogo ya umeme. Ndani yake kuna koili inayovuta chuma kwa kasi, na ncha ya mpira inagonga kwa milisekunde chache tu, kwa nguvu inayopangwa; vingi vina ngazi za kuanzia nyutoni 100 hadi 400 hivi. Baadhi hugonga mara moja, vingine mfululizo. Kinafaa kwa anayeogopa kuvunjwavunjwa kwa mikono, lakini hakuna ushahidi mzuri kwamba kinashinda mikono ya tabibu aliyefunzwa. Mwombe aanze na ngazi ya chini, agonge kwanza kiganjani kwa mama ili ajue kinachokuja, na kisielekezwe kwenye fundo za mifupa zinazochomoza katikati ya mgongo. Mwenye mifupa iliyolainika, mwenye saratani au TB ya uti wa mgongo asigongwe kabisa.

Sasa tufike kwenye pedi. Mashine inayotuliza maumivu inaitwa TENS. Maelezo yake yalitokana na nadharia ya Ronald Melzack na Patrick Wall ya mwaka 1965: mishipa minene ya fahamu inayobeba mguso ikichangamshwa, taarifa za maumivu zinazopita kwenye mishipa myembamba hubanwa zinapoingia uti wa mgongo. Ndiyo sababu mtu akijigonga goti hulisugua bila kufikiri. Kituoni huenda walitumia ndugu yake mkubwa, mashine ya mikondo miwili inayopishana: mmoja wa Hz 4000 (yaani mipigo 4000 kwa sekunde), mwingine 4100, na inapokutana mwilini mtu anahisi tofauti yake, Hz 100. Kwa kazi ya nyumbani hiyo haihitajiki.

Lazima nikwambie pia kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi TENS kama tiba ya kawaida, wala altrasaundi ya tiba, wala mikanda ya kiuno. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 ulisema hivyohivyo kuhusu TENS. Mazoezi, kueleweshwa hali yako, na tiba ya mikono vina nafasi bora. Kwa nini basi nimesema ndiyo? Kwa sababu kuna watu wanaopata nafuu ya kutosha kuinuka na kutembea, madhara yake ni machache ikitumika vizuri, na mashine moja ya nyumbani inaweza kutumika miaka. Inunuliwe kwa lengo hilo la kumwezesha mama ajongee.

Kabla ya kununua, pima ganzi. Mama alale kifudifudi, mto chini ya tumbo, afumbe macho. Mguse kwa pamba, kisha kwa ncha ya kijiti cha meno bila kuchoma, kwa kubahatisha, kiunoni, mapajani, hadi nyayo. Aseme "laini" au "kali" kila mara. Rudia kwa vijiko viwili, kimoja cha maji ya uvuguvugu na kingine cha maji baridi. Akikosea mara kwa mara kiunoni, usibandike hapo, kwa sababu hatahisi mkondo ukimuunguza. Nyayo zikiwa na ganzi, jambo la kawaida kwa mwenye kisukari wa muda mrefu, pedi zisiende miguuni, na mjulishe daktari wake wa kisukari.

TENS haitumiwi na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa. Mwenye kifafa, mwenye saratani eneo hilo, na mwenye damu iliyoganda mguuni waulize daktari kwanza. Pedi zisibandikwe mbele ya shingo, kichwani, kifuani kwa namna ya kuvuka moyo, wala juu ya kidonda. Na kwa kuwa kitu cha nyumbani huazimwa, mwenye mimba asibandikwe tumboni wala kiunoni.

Kwenye kuchagua mashine, ndipo wengi wanapopotea. Tafuta yenye kioo kinachoandika Hz na mikrosekunde (µs, yaani urefu wa kila mpigo wa umeme), nyaya mbili zinazorekebishwa kila moja peke yake, kipima muda, na nguvu isiyopungua miliampia 60. Itumie betri. Zile nyeupe ndogo zenye picha za mtu anayekandwa, zinazokuja na ndala za mpira za kukanyaga, nyingi hazisemi zinatoa Hz ngapi. Ukibonyeza, msuli unarukaruka na kubana. Hizo zinakaribia mashine za kukaza misuli, ambazo hufanya kazi kwa Hz 35 hadi 50, zikibana sekunde kumi na kupumzisha nusu dakika, na kazi yake ni kuamsha msuli uliolegea baada ya upasuaji wa goti, kwa mfano. Ndala zenyewe hazina msaada kwa kiuno, na kwa mguu wa kisukari ni hatari. Muulize muuzaji kama mashine imesajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na uone jina la mtengenezaji na namba ya toleo kwenye boksi lenyewe, si kwenye picha aliyokutumia.

Kubandika. Mgongo uoshwe kwa maji na sabuni, ufutwe, kisha usubiri jasho likauke. Mafuta ya nazi, losheni na dawa za kuchua zenye mentholi vyote vitoke. Mafuta huzuia mkondo kupita sawasawa, na mentholi chini ya pedi huwasha hadi mtu anadhani mashine imeharibika. Mashine iwe imezimwa. Tumia pedi nne za sentimita 5 kwa 5. Waya wa kwanza, pedi zake mbili zikae upande wa kulia wa uti wa mgongo, moja juu ya eneo linalouma na moja chini yake, juu ya ule msuli mnene ulio kandokando, si kwenye mifupa. Waya wa pili upande wa kushoto vivyo hivyo. Kati ya ukingo wa pedi na pedi kuwe na nafasi ya vidole vitatu au zaidi, kwani zikikaribiana mno mkondo unakatiza juujuu ya ngozi na kuchoma. Bonyeza kila pedi kwa kiganja, hasa kingo zake.

Chagua mtindo wa mfululizo, Hz 100, mikrosekunde 100. Pandisha nguvu kutoka sifuri taratibu, upande mmoja kisha mwingine, mama akisema anachohisi. Kwanza ni kama wadudu wanatambaa, kisha mtetemo mzito. Simama pale mtetemo unapokuwa na nguvu kabisa lakini hauumi na msuli haubani. Hapa ndipo watu wengi wanaikosa faida yake: wanaogopa, wanaiacha chini sana, halafu wanasema haifanyi kazi. Baada ya dakika tano hivi mwili unazoea na mtetemo unaonekana kufifia. Pandisha tena kidogo. Mama akisema anausikia kwenye ngozi tu, ongeza mikrosekunde hadi 150 au 200 kabla ya kuongeza nguvu.

Dakika 30 zinatosha kwa mara moja, na mara mbili au tatu kwa siku si mbaya. Asilale nazo usiku, asioge nazo, na asibandike akiwa nyuma ya bodaboda. Nusu saa hiyo asiitumie akiwa amelala. Mashine aifunge kwenye khanga kiunoni, atembee uani, ainuke na kuketi kwenye kiti mara kumi, apinde kiuno taratibu mbele na nyuma. Mkimaliza, shusha nguvu hadi sifuri, zima, ndipo ubandue. Ukibandua ikiwa imewashwa, mkondo wote unajibana kwenye kona ya mwisho ya pedi na mama atarushwa.

Ikitumika kila siku kwa namna ileile, wiki kadhaa baadaye nafuu hupungua. Siku nyingine weka Hz 2 hadi 4, mikrosekunde 200, nguvu mpaka msuli uonekane ukidunda. Namna hiyo inachochea dawa za maumivu ambazo mwili wenyewe hutengeneza, na nafuu yake huweza kukaa kidogo baada ya kuzima. Isizidi dakika 20, la sivyo kesho yake misuli itauma. Kama mama amewahi kumeza tramadoli kwa muda mrefu, mtindo huu wa Hz chache huenda usimsaidie, kwa kuwa unapitia njia ileile mwilini ambayo dawa hiyo imeshaizoesha. Abaki na Hz 100.

Yanayoharibika. Ikichoma kama sindano, angalia pedi kwanza: imekauka, au ukingo umenyanyuka, na mkondo wote umebanwa kwenye kipande kidogo cha ngozi. Tone moja la maji safi likisambazwa kwa kidole kwenye jeli, likiachwa dakika tano, huirudishia unata. Jeli ikichanika au ikiwa na nywele na vumbi, tupa. Pedi nyingi hudumu mara 20 hadi 30. Baada ya kila matumizi irudi kwenye karatasi yake ya plastiki na ndani ya mfuko unaofungwa, mahali penye kivuli. Usizifunge kwa plasta kuongeza muda, na kila mtu awe na pedi zake.

Akiwa hasikii kitu upande mmoja, badilisha waya: waya wa kulia upeleke tundu la kushoto. Tatizo likihama na waya, waya ndio mbovu, na mara nyingi umekatika ndani, karibu na pini ambapo hukunjwa. Fundi wa simu anaweza kuupima kwa mita dakika moja, akiutikisa huku anasikiliza mlio. Tatizo likibaki kwenye tundu, ni mashine. Nguvu ikiwa hafifu pande zote, ni betri. Betri za kuchaji za volti 9 nyingi hutoa volti 8.4 au chini, kwa hiyo huisha mapema. Kwa chumvi ya hewa ya pwani, toa betri mkiwa hamtumii siku kadhaa, na sehemu zinazogusa betri zifutwe kwa spiriti zikianza ukijani. Mashine ya kuchaji kwa waya wa simu isibandikwe mwilini wakati inachaji.

Ngozi ikiwa ya waridi chini ya pedi na kurudi kawaida ndani ya saa moja, si neno. Vipele au malengelenge yakitokea, acha hadi ngozi ipone, kisha jaribu pedi za kampuni nyingine. Kwa mwenye kisukari, ikague ngozi kila mara kwa macho yako, maana mgongo wake haoni mwenyewe.

Kama mama ataendelea kwenda kituoni, kuna jambo moja la kuangalia kwenye mashine zinazotumia umeme wa ukutani. Umeme ukikatika halafu ukarudi ghafla, mashine nzuri huanza upya kutoka sifuri. Mbovu hurudi na nguvu ileile. Waambie wapeleke nguvu sifuri mara umeme unapokatika, kabla haujarudi. Wakipendekeza altrasaundi ya tiba, ambayo si ile ya kupiga picha ya mimba, kichwa chake hakipaswi kusimama mahali pamoja hata kidogo. Maumivu ya ndani yanayofukuta mfupani ni ishara ya kuunguza, na mama aseme hapohapo. Taa ya leza yenye nguvu haiwashwi mpaka yeye na anayemhudumia wamevaa miwani maalumu.

Hizo mara 24 za malipo ya mbele sikushauri. Tiba ya mikono inaweza kumsaidia, lakini wiki mbili hadi nne zinatosha kuonyesha kama inamfaa. Fedha inayobaki ipeleke kwenye kigoda: kinyanyuliwe hadi nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, jiwe la kubangulia liwekwe juu ya kitu ili asiinamishe kiuno, na kila nusu saa ainuke atembee dakika mbili. Gunia la korosho ligawanywe mara mbili. Kitengo cha fiziotherapia hospitalini kinaweza kumpangia mazoezi ya kufanya nyumbani. Ulizeni kwanza hospitali ya mkoa, Ligula.

Yapo mambo ambayo mashine yoyote haitakiwi kuyafunika. Akipata ganzi sehemu za siri na mapaja ya ndani, akishindwa kukojoa au haja ikitoka bila kujua, au mguu ukilegea, mpeleke Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Akiwa na homa, jasho la usiku, kukonda, kikohozi kisichoisha, au maumivu ya usiku yasiyotulia kwa kulala namna yoyote, asigongwe wala asinyooshwe mgongo na mtu mpaka apimwe. TB ya uti wa mgongo huanza hivyo, na inatibika. Vivyo hivyo kama aliwahi kutibiwa saratani, au maumivu yalianza baada ya kuanguka.

Mkishanunua, ipeni wiki mbili. Daftarini andika kila siku maumivu kwa namba 0 hadi 10 kabla ya kubandika, baada ya dakika 20 mashine ikiwa inafanya kazi, na saa mbili baada ya kuzima. Pembeni andika alitembea hadi wapi na alikaa kubangua muda gani. Namba ikishuka mbili au zaidi na kutembea kukaongezeka, endeleeni. Isiposhuka, jaribu mara moja zaidi kwa kusogeza pedi na kupandisha nguvu, na ikishindikana tena, mashine irudi dukani ikiwa bado ndani ya muda wa kurudisha. Kwa hiyo usitupe boksi wala risiti.